Mtani wa Mume Wangu

Jumatatu, 8 Septemba

Upepo tu leo. Vumbi la Jules Street, hapa Johannesburg, limeingia mpaka kwenye kabati la udi, na madera niliyoyatundika nje nimeyakung'uta mara mbili. Biashara si haba. Mama Furaha, Mkongo wa saluni ya jirani, kaja kuazima kiti, akakikalia hapo hapo dukani akaanza umbea. Tumecheka mpaka mteja kaondoka.

Masudi karudi kutoka Sandton jua limeshazama, ananuka grisi ya lifti. Nimempima sukari. Nzuri. Tangu aingie kile kikundi cha kupanda vilima kila Jumamosi sukari imetulia, na daktari kamsifu. Mie pia nimefurahi. Naandika hapa ili nikumbuke kwamba nilifurahi.

Maana tukiwa tunakula simu yake ikalia. Kaiweka spika, sauti ya mwanamke ikajaa jikoni kwangu: "We mtumwa wa babu yangu, umeshakula, au unasubiri asali itoke Tabora?" Masudi kacheka mpaka kapaliwa na wali. Nimempiga mgongoni. Nimempiga kuliko ilivyohitajika.

Huyo ndiye Tatu.

Jumanne, 9 Septemba

Jana niliandika kwa hasira. Leo kwa utulivu.

Tatu ni Mzaramo wa Kisarawe. Anafanya kazi ya hesabu kwenye moja ya yale maghorofa ambayo Masudi anatengeneza lifti zake. Aliachika, hana mtoto. Yeye ndiye aliyemwingiza Masudi kwenye kikundi. Masudi ni Mnyamwezi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wakishuka pwani na mizigo ya watu kichwani. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kofia, anakula chakula chako, anakuita mume wake mbele ya mkeo, na wewe ukikasirika ndiye mshamba. Hata ukifa, yeye ndiye anayekuja msibani kukuigiza ulivyokuwa unatembea, waliofiwa wacheke. Utani hauna kesi. Masudi kanieleza yote haya anatabasamu.

Mie mtu wa Makunduchi. Kwetu tuna Mwaka Kogwa. Siku moja wanaume wanachapana kwa mabua ya migomba, wanawake tunatukanana kwa nyimbo, ugomvi wa mwaka mzima unakwisha, watu wanakula wali. Siku moja basi. Si kila Jumamosi.

Jumamosi, 13 Septemba

Kamleta nyumbani.

Mrefu. Mweusi wa kung'aa, mashallah. Nimemwangalia kuanzia juu mpaka chini nitafute kasoro, nikapata kisigino kimoja kimepasuka. Nimeshikilia hicho kisigino mchana kutwa.

Hodi kapiga keshaingia. Kaenda moja kwa moja kwenye sahani ya Masudi, kachukua paja la kuku, kaling'ata, karudisha mfupa. Kamvua kofia kaivaa yeye. Akanigeukia: "Mke mwenzangu, huyu mzee unamlisha vizuri mno, nikimchukua mimi atanishinda." Masudi kamjibu kwamba Mzaramo akisikia ngoma anaacha ugali uungue jikoni, mtu kama huyo amlishe nani? Wakacheka. Na mie nikacheka. Mashavu yameniuma.

Miaka yote hii ya ndoa Masudi ni mtu wa maneno machache. "Ndiyo." "Hapana." "Chumvi imepungua." Nikadhani ndivyo alivyoumbwa. Kumbe kicheko anacho, tele, mie tu sikuwa na ufunguo. Hilo ndilo linaloniuma. Si paja la kuku.

Jumapili, 21 Septemba

Mkubwa wa kile kikundi anaitwa Deepa, Mhindi wa hapa hapa, mwalimu mstaafu. Wazee wake asili yao ni milima ya upande wa Pune, India. Kapanga safari ya kwenda huko mwezi wa Novemba, kupanda mlima wenye ngome ya kale ya wafalme.

Masudi anataka kwenda. Kanionyesha picha: ukuta mweusi juu ya mwamba, mawingu yako chini yake. Macho yake yalikuwa kama ya mtoto siku ya Idi. Nikamuuliza nani na nani wanakwenda. Kasema Deepa, Mzungu mmoja mstaafu na mkewe. Na Tatu.

Nikamwambia nenda baba, Mungu akujaalie. Kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Jumatatu, 22 Septemba

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nakwenda na mie.

Jumatano, 24 Septemba

Nimemwambia. Kafurahi. Kafurahi kweli kweli, kaniinua kutoka chini na mgongo wake ule unaomsumbua. Nilikuwa namwangalia usoni nione kama kitapita kivuli, hata kidogo. Hakikupita. Nikakasirika zaidi. Angenuna ningejua pa kuanzia.

Mama Furaha kacheka mpaka kashika ukuta. "Wewe? Ngazi ya stoo inakushinda, mulima utaweza?" Nimemwambia mie nimezaliwa na miguu miwili kama wenzangu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Westcliff, zile ngazi za mawe. Watu wa Johannesburg wanazipanda na kuzishuka kwa raha zao wenyewe, hakuna aliyewafukuza. Nimepanda mara moja nikaona nyota. Baibui nimelikunja kiunoni, chini nimevaa suruali ya mazoezi ya Masudi, viatu vipya vinanitafuna vidole. Mzungu na mkewe, nywele zote nyeupe, wamenipita mara nne wakinisalimu kila mara.

Tatu kapanda anaimba. Kila akifika juu anamtupia Masudi begi lake: "Mpagazi, beba! Babu yako alibeba, wewe nani usibebe?" Na yeye analibeba. La kwake mgongoni, la Tatu kifuani, kama punda wa forodhani. La kwangu nilibeba mwenyewe. Hakuniuliza.

Kweli, sikumwomba. Lakini Tatu naye hakuomba, kaamrisha.

Nimelala na miguu ndani ya beseni.

Jumamosi, 18 Oktoba

Leo kilima cha Northcliff. Mvua ya radi ikatukuta juu, ikabidi tushuke mbio. Niliteleza. Aliyenishika mkono ni Tatu. Si kwa utani. Kanishika vizuri, kanishusha jiwe kwa jiwe: "Dada Zakia, weka mguu hapa. Usiogope, nimekushika." Mkono wake una nguvu.

Nimemchukia leo kuliko siku zote. Mtu mbaya unamchukia unapumzika. Huyu hanipi hata hiyo nafasi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimeipekua simu ya Masudi akiwa anaoga. Aibu naona, si nyingi.

Kila asubuhi wanaandikiana. Kila asubuhi! Nimesoma kurudi nyuma mpaka mwezi wa Julai. Nyani mzee. Mlevi wa mnazi. Mtumwa. Sura kama kiatu cha mgambo. Nilitafuta neno moja tamu, moja tu nilishike mkononi niende nalo mbele yake. Hakuna. Matusi juu ya matusi.

Mwanamke mwenye akili angefurahi. Mie nimekaa kitandani nikawaza kwamba kumtukana mtu kila asubuhi ni kumkumbuka kila asubuhi.

Mie ananiandikia "nunua mkate".

Jumanne, 28 Oktoba

Nimejaribu. Asubuhi nimemwandikia, "We nyani, umefika kazini?" Kapiga simu haraka haraka kuniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 8 Novemba

Viza zimetoka. Magoti yangu yana sauti kama mlango wa banda. Napanda ngazi za Westcliff mara tatu sasa, si haba, na hata Deepa kanipigia makofi. Ningekuwa nafanya kwa kupenda mlima ningejivunia.

Mama marehemu alikuwa akisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Namsikia kila wakicheka.

Alhamisi, 20 Novemba

Pune. Joto zuri, pikipiki kama siafu. Nimefurahi kuliko nilivyotegemea. Sinema zote za utotoni zimenifaa: nimeomba maji kwa Kihindi nikapewa maji. Masudi kaniangalia kwa kustaajabu. Saa nzima aliniangalia mimi. Kisha Tatu kamwambia muuza machungwa kwa ishara kwamba Masudi ni punda anauzwa, na muuzaji akamkagua meno, na mambo yakarudi kama yalivyokuwa.

Ijumaa, 21 Novemba

Tumefika kijiji cha chini ya mlima. Tumelala kwa mama mmoja mjane, kila mtu anamwita Mavshi, yaani mama mdogo kwa lugha yao. Katupikia mikate mikavu ya mtama na rojo la unga wa dengu. Tumekula chini, kwa mkono. Nimejiona niko nyumbani.

Ngome iko juu. Unaangalia, unaangalia, shingo inachoka kabla hujafika kuta. Deepa katueleza habari zake. Mfalme aliyeijenga alikuwa na maadui pande zote, kaikata miamba wima ili mtu asipande. Halafu upande mmoja kaacha mlango mdogo wa siri, wanauita Mlango wa Mwizi. Kesho tunapandia huko. Nimeuliza mbona hatupandi kwa mlango mkubwa. Ni mbali, Deepa kasema, na huku ndiko kuzuri.

Ngome yote ile, na mlango wa mwizi kajenga mwenyewe.

Jumamosi, 22 Novemba. Mchana, kwa Mavshi

Nimerudi chini. Wao wako juu.

Tulianza alfajiri, ukungu umeshika miti. Msitu kwanza, kisha majani marefu ya manjano, kisha mgongo wa mlima, huku shimo na huku shimo. Nilijitahidi. Wallahi nilijitahidi. Tulipofika chini ya mwamba nikaona vyuma vya kushikilia vimechomekwa kwenye jiwe, na vikanyagio vilivyochongwa upana wa nusu ya unyayo, na watu wanapanda kama mijusi. Nikapanda hatua chache. Goti la kushoto likagoma. Nikaliangalia kama goti la mtu mwingine. Nikatazama chini, kosa. Nikalia mbele ya watu.

Masudi kasema anarudi na mie. Hapo ningenyamaza tu. Ningesema haya, turudi, basi. Nilimwona anavyoutazama ule ukuta. Nikamwambia nenda, umetoka Johannesburg kwa ajili yake. Kijana wa kijijini anayetuongoza kasema mwenzake atanishusha.

Kimkoba cha sukari nilikuwa nacho mimi. Vidonge vya glukosi, biskuti, kipimo. Masudi ukimpa mwenyewe anasahau kwamba anacho. Deepa na wale wazee walikuwa wameshatangulia juu. Aliyebaki ni Tatu.

Nikamvisha kimkoba shingoni kwa mikono yangu. Nikamfundisha. Akianza kuongea polepole. Akitoka jasho shingoni na upepo unavuma. Akisema hana kitu, usimwamini, mpe. Tatu kasikiliza kila neno. Kisha kamtazama Masudi kasema: "Mtumwa, mkeo kakukabidhi kwa mwenye mali." Wakaenda wanacheka. Nimewasikia mpaka kwenye mawe ya juu kabisa.

Miaka yote hiyo dalili zile nazijua mie peke yangu. Leo anazijua na yeye.

Jioni

Mavshi kanipaka mafuta ya moto magotini. Hatuna lugha zaidi ya maneno yangu ya sinema. Kanionyesha picha ya marehemu mumewe ukutani, na mie nikaonyesha kwa kidole juu mlimani, wangu yuko kule. Kacheka, kanipa maziwa ya mgando yaliyochanganywa na maji na chumvi.

Jua lilikuwa limeshaelekea kuzama waliposhuka. Niliwasikia kabla sijawaona. Yaani sikuwasikia. Nilisikia viatu, fimbo, Mzungu anaongea na mkewe. Nilikuwa nasubiri kelele za wale wawili. Nilikuwa nimejitayarisha kuzichukia.

Masudi uso umepauka, lakini anatembea. Tatu nyuma yake kwa mbali. Begi lake kalibeba mwenyewe.

Deepa ndiye aliyenihadithia. Juu, karibu na ule mlango, sukari ya Masudi ilianguka. Alikaa kwenye jiwe jembamba, shimo mbele yake, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, akataka kusimama. Tatu alimkandamiza kwa mwili wake asiinuke, akamtia vidonge mdomoni kimoja kimoja, akamshika kichwa mpaka macho yakarudi. Deepa kasema bila yule binti tungekuwa tunaongea mengine. Kasema nimshukuru Mungu nilifundisha.

Nimemshukuru Mungu. Nimemkumbatia Tatu, nimemwambia ahsante mdogo wangu.

Wakati wa kula Masudi kamsogezea maji. Kasema, "Karibu maji." Tatu kasema, "Ahsante." Hakumtazama.

Karibu. Ahsante. Sijawahi kuwasikia wakiambiana maneno hayo.

Jumatatu, 24 Novemba

Uwanja wa ndege, Mumbai. Tatu kaomba abadilishiwe kiti, akae mbele na Deepa. Masudi kauliza kwa upole kama begi lake ni zito. Kasema hapana, si zito, kaka Masudi.

Kaka Masudi!

Moyo wangu unakwenda mbio na sijapanda popote.

Ijumaa, 28 Novemba

Duka limejaa wateja wa Desemba. Nimepima vitambaa viwili makosa.

Nimeipekua simu tena. Tangu turudi hakuna tusi hata moja. Siku ya Jumanne Tatu kaandika: "Natumaini unaendelea vizuri. Tafadhali usiruke mlo." Masudi kajibu: "Naendelea vizuri. Nashukuru sana." Basi. Barua za ofisini kabisa. Mtu akizisoma atasema hawa hawajuani.

Mama Furaha kaona Tatu alivyopita dukani juzi, kasalimu kwa heshima, kaondoka. Kanipongeza. "Sasa uko na amani, ma chérie. Bameacha makelele." Kila mtu ananipongeza. Mwezi mzima wa Oktoba nilikuwa naomba wanyamaze, na Mungu kanisikia.

Jumapili, 30 Novemba

Nimemuuliza. Wakati wa chai, mlango umefungwa.

Sikumzungusha. Nikamwambia, kimetokea nini kule juu? Kaitazama chai yake. Kisha kasema, "Nilijua nakufa, Zakia. Akili ilikuwa inakuja na kuondoka, lakini hilo nililijua. Nikamwambia, mtani, sasa nicheke. Maana yeye ndiye wa kunicheka. Akalia."

Basi? Basi. Akalia.

Nikamuuliza kama amemgusa. Kaapa kwa Mungu hajamgusa, wala hawajasema neno, wala hana nia. Na mie namwamini. Ningetamani nisimwamini, ningekuwa na kesi. Ningempigia kaka yangu Unguja, ningefungasha, ningevunja sahani. Sasa nivunje sahani ya nini? Mtu kalia.

Lakini mie nimefundishwa na yeye mwenyewe, Masudi, kwa tabasamu lile. Mtani hakulilii. Mtani anacheka hata juu ya jeneza lako. Anayekulilia ni mtu wako.

Na yeye anajua. Ndiyo maana kaitazama chai mpaka ikapoa.

Jumatano, 3 Desemba

Wivu wa kidonda, ukishiriki utakonda. Nimepungua kweli, dera la mwaka jana linanizunguka. Wateja wanasema mlima umenifaa.

Wa zamani ule ulikuwa wivu wa raha. Nilikuwa nachemka, nalala, nachemka tena. Huu wa sasa umepoa. Mwanamke anayemtania mume wangu nilimwonea wivu. Mwanamke anayemheshimu mume wangu namwogopa.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimemwalika Tatu chakula cha shukrani. Kamwokoa mume wangu, nisimwalike? Nimepika pilau, nimekaanga kuku mzima. Na nilikuwa na langu moyoni.

Kapiga hodi, kasubiri nje mpaka nikafungua. Kavua viatu. Kamsalimu Masudi akiangalia kapeti. Wamekaa pembe mbili za chumba. Nimeona jinsi kila mmoja anavyojua mwenzake yuko wapi bila kumtazama. Ukiingia chumba chenye paka wawili utaelewa.

Nikapakua. Nikachukua paja la kuku kwenye sahani ya Masudi, nikaliweka kwenye ya Tatu. Nikasema kwa sauti kubwa, ya kucheka, "Haya mke mwenzangu, kula haki yako! Na wewe mtumwa, mletee bibi yako maji!"

Nilitaka wacheke. Nilikuwa tayari kabisa. Angemng'ata Masudi sikio mbele yangu ningempigia vigelegele. Waseme nyani, waseme mlevi, waseme chochote.

Hakuna aliyecheka. Masudi kaweka kijiko chini. Tatu macho yakamjaa machozi, kasema pilau tamu, dada, Mungu akubariki. Kaondoka kabla ya chai. Paja halikuliwa.

Mie si wa kabila la utani. Neno lile halikunikaa mdomoni.

Jumatano, 10 Desemba

Tatu kaja dukani asubuhi, kabla sijatundika nguo. Anarudi Dar. Kaacha kazi. Kasema mama yake mzee, anahitaji mtu. Mama yake amekuwa mzee siku zote, sikusema.

Kaniomba radhi. "Dada Zakia, niwie radhi kwa yote, niliyoyafanya na nisiyoyafanya." Hayo ya pili ndiyo tuliyokuwa tunayazungumza, sote tunajua. Kashika ncha ya mtandio anausokota. Nikaangalia visigino vyake, vimepona, kavipaka mafuta. Nikajiona mdogo.

Nimempa radhi. Mdomo umetoa kwanza, moyo utafuata, inshallah. Nikamfungia udi wa kumpelekea mama yake, ule mzuri wa rafu ya juu. Kabusu mkono wangu kama mie ni mkubwa wake.

Alipofika mlangoni nilitaka kumuuliza kama anampenda. Nikauliza ndege ni lini.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimemwambia Masudi wakati wa chakula. Tatu anahama, anaondoka Jumapili.

Kasema, "Ni vizuri. Mama yake mzee."

Kala chakula chote. Kaniambia ahsante.

Jumapili, 14 Desemba

Mvua ya usiku imesafisha barabara. Kikundi kizima kimekwenda uwanja wa ndege kumsindikiza Tatu. Deepa kapiga simu mara mbili, Masudi yuko wapi? Kwao mtani akisafiri, mtani wake ndiye anayemzuia mlangoni, anamkamata begi, anadai hiki na kile, mpaka watu wote wacheke ndipo anamwachia aende. Asipotokea ni tusi kubwa kuliko yote waliyowahi kutukanana.

Nilimwambia nenda. Kwa moyo mmoja, au karibu yake. Kasema hapana, bomba la jikoni linavuja, alitengeneze.

Bomba halivuji. Na maji yenyewe yamekatika mtaa mzima tangu juzi. Kalala chali chini ya sinki na spana, anakaza nati iliyokwisha kukazwa. Miguu tu ndiyo inayoonekana. Nimechambua mchele meza nzima, nikauchambua tena.

Amebaki kwa ajili yangu, najua. Nilichokitaka tangu Septemba nimekipata chote, kiko pale chini kimevaa soksi. Bado nina wivu. Yule kaondoka na kicheko cha mume wangu, na hakuiba, mume wangu ndiye aliyekiacha.

Saa ya ndege ilipofika spana ikasimama. Sikugeuka. Nikahesabu punje za mchele. Kisha nikaisikia tena, taratibu, inakaza.

Chini kule giza. Nimepiga magoti, yanauma bado, nikachukua tochi ya simu nikammulikia.